Barua kwa mpwa wangu kuhusu unga uliomwagika Kirumba

Mpwa wangu mpendwa,

Tulipokuwa tukisubiri kivuko cha Kamanga uliniambia kwamba msikilizaji hutafuta kwanza maana ya msingi ya maneno, na akiona haipatani na mazingira ndipo huigeukia maana ya picha, kama unavyowafundisha wanafunzi wako. Sikukujibu, kwa sababu kivuko kilifika na watu wakaanza kusukumana.

Wiki iliyopita nilipeleka mahindi mashineni Kirumba, hapa Mwanza. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alisema kuhusu kijana anayejaza magunia, "Amemwaga unga." Nami mjomba wako, niliyekula chumvi nyingi, nikamsogelea kijana, nikampa pole na kumuuliza kama tajiri wake amemlipa haki zake. Alinitazama kwa mshangao, kisha akanionyesha sakafu: sado nzima ya unga ilikuwa imemwagika, na mimi nilikuwa nimesimama juu yake.

Kwa nadharia yako, hapo maana ya msingi ilikuwa na kila sababu ya kunijia kwanza. Lakini usemi huo nimeuzoea mno kwa maana ya kupoteza kazi, hata maana hiyo ikatangulia. Mwanaisimu Rachel Giora alilieleza jambo hili mwaka 1997: kinachotangulia ni maana iliyozoeleka zaidi, iwe ya msingi au ya picha. Kabla yake, mwaka 1982, mwanasaikolojia Sam Glucksberg na wenzake waliwapa watu sentensi na kuwataka waseme tu kama ni za kweli kwa maana ya msingi. Sentensi za sitiari, kama ile ya kuiita kazi jela, ziliwachelewesha kuzikataa kuliko zile za uongo mtupu, ishara kwamba maana ya picha iliwajia bila kuitwa, hata pale ilipowakwamisha.

Hata hivyo sikunyimi haki yako yote. Jioni ile ile, pale soko la samaki la Mwaloni, mvuvi wa dagaa aliniambia kwamba ziwa limenuna, nami ambaye sikuwahi kuusikia usemi huo nilitazama mawingu, nikatazama mitumbwi iliyofungwa, ndipo nikamwelewa. Sitiari mbichi hudai kazi ya namna hiyo. Nahau kongwe unazowatungia wanafunzi wako kwenye mitihani hazidai.

Yule kijana bado yuko kazini, nilimpitia jana.

Mjomba wako