Kwanini tenki la pikipiki linakaa kwetu siku tano wakati rangi yenyewe inapulizwa nusu saa

Hili swali tunaulizwa kila wiki, na anayeuliza mara nyingi ni dereva boda ambaye chombo kikilala na yeye analala njaa, kwahiyo hatumlaumu hata kidogo. Utasikia mkuu, kuna fundi kule kwetu unamwachia tenki asubuhi jioni unalichukua linang'aa, nyie siku zote hizo mnafanya nini?

Ngoja tuanze na kaka mmoja aliyetuletea Boxer yake, tenki jekundu zuri tu, lilipakwa sehemu nyingine wiki tatu nyuma. Kuzunguka mdomo wa mafuta rangi ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa, kila akijaza sheli tone moja likidondoka rangi inalainika, akifuta inabaki kwenye kitambaa. Yeye alishaanza kuilaumu petroli kwamba imechakachuliwa. Petroli haikuwa na kosa bwana. Ile rangi ilikuwa ya kukauka kwa upepo tu, yaani thina inaruka rangi inabaki, na kitu kilichokauka hivyo ukikirudishia kiyeyushi kinarudi kuwa maji, na petroli ni kiyeyushi tosha. Tenki linataka klia (ile rangi angavu ya kung'arisha inayopigwa juu ya zote) ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuikausha, ile inakauka kwa kemikali, ikishakomaa petroli ikidondoka unafuta yanaisha.

Sasa kabla hujatuletea fanya jaribio hili mwenyewe nyumbani. Chukua kitambaa cheupe, kichovye thina kidogo, sugua sehemu iliyojificha kule chini ya siti. Rangi ikija kwenye kitambaa basi hiyo yote lazima itoke mpaka chuma, hakuna namna, maana ukipuliza rangi mpya juu yake thina ya mpya itaamsha ya zamani na vyote viwili vitavimba. Isipokuja, na haijapasuka wala kutoa malengelenge, tafadhali usilazimishe tuikwangue. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye oveni, imeshika chuma kuliko kitu chochote tutakachoweka sisi, hapo tunakwaruza juu kwa msasa namba 400 tunalaza kingo za sehemu zilizochubuka basi, na gharama inapungua. Kuna wateja wanakataa, wanaona fundi anakwepa kazi 😅

Likishakuwa la kukwangua, kitu cha kwanza ni mafuta, na hapa ndo siku ya kwanza inapoishia. Watu wanaogopa tenki lililojaa, kumbe lililomwagwa likabaki na harufu ndo bomu lenyewe. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa umechanganyika na hewa kwa kiasi kidogo tu, kama asilimia 1.4 mpaka 7 na kitu, na tenki lililotoka kumwagwa linaweza kukaa humo humo ndani ya hicho kipimo. Cheche moja ya grainda inatosha. Kwahiyo tunamwaga, tunafungua koki na geji, tunaosha na maji ya sabuni zaidi ya mara moja, tunaliacha wazi nje likauke, na mpaka hapo hakuna grainda wala sigara karibu. Wale wanaochoma rangi kwa moto wa gesi ili ibanduke haraka, sisi hapana, hata kama ukituambia limekauka.

Ndani ya tenki nako kuna mambo. Dereva boda hajazi ful tenki, anaweka ya kuzungukia siku, kwahiyo muda mwingi nusu ya juu ni hewa, na hewa ya Dar au Tanga unaijua ilivyo na unyevu. Usiku unyevu unaganda kwenye bati unateremka, na maji ni mazito kuliko petroli yanakaa chini kabisa kwenye maungio, hapo ndo kutu inapoanzia na ndo linapotobokea. Kutu tunaitoa kabla ya rangi, sio baada, kwa sababu dawa ya kutu ikimwagikia rangi mpya imekula kwako, na pia kuna vitundu vidogo ambavyo kutu yenyewe ilikuwa imeviziba, ukiisafisha vinafunguka. Bora vifunguke leo kuliko petroli ije isukume rangi kutokea ndani mwezi ujao.

Kwa kutu ya kawaida tunajaza siki mpaka juu, linalala usiku mzima, kutu ikiwa nene tunaingiza nati chache tunatikisa. Tunazihesabu zikiingia na tunazihesabu zikitoka, tulishawahi kuitafuta nati moja kwa lisaa zima 😂 Kisha tunasuuza na maji yenye baking soda ili kuua ile asidi, tunasuuza tena, tunakausha haraka kwa hewa na papo hapo tunapaka oili ya 2T kwa ndani maana chuma kitupu kikikaa na maji muda mfupi tu kinaanza kuwa cha machungwa. Likivuja tunajua kwa povu la sabuni, tunaziba matundu tunatia hewa kidogo sana, sio presha ya kompresa nzima, bati lile ni jembamba litavimba kama puto. Na likihitaji kuchomelewa linajazwa maji kwanza, inabaki nafasi ndogo tu pale panapochomelewa.

Kukwangua nje ni kazi ya nusu siku. Tunatumia dawa ya kutolea rangi, tunapaka nene tunafunika na nailoni isikauke, rangi ikishavimba tunaipangua kwa skrepa ya plastiki. Kwenye kona na maungio tunamalizia kwa brashi ya waya na msasa namba 80 halafu 180. Wengine wanamwagia brek fluidi, kweli inatoa rangi, lakini inabaki kwenye maungio na baadaye inakuja kubandua na ya kwako.

Mibonyeo inajazwa puti, ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu, na puti ni ya kusawazisha tu sio ya kujenga tenki. Tulishakwangua moja tukakuta puti nene kama chapati, chini yake kutu tupu. Hadina inawekwa kidogo, kama asilimia 2 ya puti, fundi mwenye haraka anazidisha ili ikauke kabla ya chai na matokeo yake inapasuka. Puti pia inanyonya maji kama sponji, kwahiyo haipigwi msasa wa maji kabla ya praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, ukiona mtu anafanya hivyo kwenye tenki lako muulize.

Halafu kuna kipimo kimoja tunakipenda sana. Ukishafuta grisi, kabla ya kupaka puti, mwagia maji safi juu ya chuma. Yakitandaa kama shuka chuma ni kisafi, yakijikusanya matone matone bado kuna mafuta, rudia. Mara nyingi mkosaji ni ile dawa ya kung'arisha ambayo mwenye chombo anapulizia kila Jumapili, ina silikoni, na silikoni ikibaki rangi inajifungua vitundu kama macho ya samaki.

Chuma kikishakuwa cheupe praima lazima ipigwe siku hiyo hiyo, hatuachi kilale. Mvua ikinyesha siku hiyo ujue kukwangua hatuanzi, tutakupigia simu kusema kesho, usikasirike. Praima ikikauka ndo msasa wa maji namba 600, ndo rangi, ndo klia, na hiyo sehemu haina hadithi. Klia inataka siku kadhaa kukomaa, kwahiyo hata ukishalichukua wiki ya kwanza jaza mafuta taratibu.

Kama unabadili rangi kabisa, mfano kutoka nyekundu kwenda nyeusi, kumbuka kadi ya chombo imeandikwa rangi, nenda TRA wabadilishe taarifa kabla trafiki hajakuuliza. Na ukija njoo na ufunguo wa kifuniko, wiki iliyopita tenki mbili zimekaa siku nzima zinasubiri ufunguo uliobaki Mbagala.