Kabla hamjaivunja bendi

Nakuru

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi sote tu wazima, na watoto wanamsalimu sana mjomba wao wa gitaa.

Ujumbe wako nimeusoma kwa uchungu. Unasema miaka yote hii ya kupiga muziki wa kantri kwenye baa za Eldoret haijawaletea hata mkataba mmoja, na kwamba mwezi ujao kila mtu atashika njia yake. Kabla hamjafika huko, hebu nikusimulie habari za Alabama, ile bendi ya kantri ya Marekani. Nyimbo zao mnazipiga kila wikendi, lakini sidhani tumewahi kukaa tukaongea walikotoka.

Randy Owen na Teddy Gentry ni mabinamu, watoto wa wakulima wa pamba wa Lookout Mountain, karibu na Fort Payne katika jimbo la Alabama, mji mdogo uliosifika kwa viwanda vya soksi. Walianza kuimba pamoja kanisani wakiwa wadogo. Jeff Cook, naye wa ukoo wao, akaungana nao, na mwaka 1969 bendi ikazaliwa. Mwaka 1973 wakaacha vibarua vyao, wakahamia Myrtle Beach, South Carolina, kupiga katika baa iitwayo The Bowery. Huko walitegemea kutuzwa tu. Usiku sita kwa wiki, msimu wa watalii baada ya msimu wa watalii, hadi kufikia 1980! Nawe unajua kazi ya namna hiyo: anayetoa noti ndiye anayechagua wimbo, na usipoujua leo, kesho uwe umeujua.

Mimi naamini bendi ile ilitengenezwa pale, wala si studio. Tafuta rekodi zao za jukwaani, uache kusikiliza gitaa peke yake kama kawaida yako. Sikiliza kiitikio. Randy anaongoza, Teddy na Jeff wanaingia pembeni yake, hakuna anayemfunika mwenzake, na ni kama wote wanavuta pumzi moja. Halafu Jeff anaweka gitaa chini, anachukua fidla, mwendo unapanda, na watu wote wako wima. Mambo hayo hayafundishwi na prodyuza. Yanatokana na kusimama pamoja usiku baada ya usiku, hata ukumbi ukiwa nusu tupu.

Na wao milango ilifungwa usoni. Nashville, makao ya biashara ya kantri, wakati ule ilimtaka mwimbaji mmoja mbele. Bendi kazi yake ilikuwa kumsindikiza. Mwaka 1977 walipata mkataba na kampuni ndogo ya rekodi, kampuni ikafilisika, na masharti ya mkataba yakawazuia kurekodi kwingine mpaka walipojikomboa kwa pesa zao wenyewe. Ndipo RCA, kampuni kubwa ya rekodi, ikawachukua mwaka 1980, pamoja na mpiga ngoma wao Mark Herndon. Yaliyofuata unayajua: nyimbo namba moja mfululizo, na tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri, ya mtumbuizaji bora wa mwaka mara tatu, 1982, 1983 na 1984.

Kinachonigusa zaidi ni uzee wao. Waliaga kwa ziara iliyoisha mwaka 2004, lakini vimbunga vilipolipiga jimbo la Alabama mwaka 2011 wakarudi jukwaani kuwachangia waathiriwa, na hawakuachia hapo. Jeff alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 2017 aliueleza umma, na vidole vile vilivyokimbia kwenye fidla vikawa havimtii tena. Aliacha ziara mwaka 2018, akafariki Novemba 2022. Randy na Teddy waliendelea kupanda jukwaani, na mwaka 2023 wakaifufua June Jam, tamasha lao la hisani la nyumbani Fort Payne.

Nyinyi bado hamjafika hata umri wa kuumwa mgongo, ndugu yangu. Sauti zenu tatu zimeanza kukaa, nilizisikia mwenyewe Desemba. Mpiga besi akitaka kwenda, muombe angalau amalize mwaka. Zile amplifaya usiziuze kwanza. Kama shida ni kodi ya chumba cha mazoezi, niambie ni kiasi gani, tutatafuta njia.

Nakuja Eldoret mwisho wa mwezi. Niandikie mnapiga wapi Jumamosi hiyo, na mnaanza saa ngapi.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote