Mguu wa Baba

Portland, Oregon

Mama, shikamoo.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Kidole cha Baba kimekuwa cheusi, daktari kataja kukata mguu, na Baba kakataa katakata. Msimgombeze, Mama. Lakini msikae naye nyumbani.

Katika mji huu ninaoishi, tarehe 16 Januari 1964, siku nne tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar mnayotuhadithia, bibi wa miaka 82 mwenye donda ndugu la vidole vya mguu naye alikuwa amekataa kukatwa. Daktari Charles Dotter akapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa wake wa paja ulioziba, kisha juu ya waya akasukuma mirija, mwembamba kwanza, mnene baadaye, mpaka njia ya damu ikapanuka. Mguu ukarudi joto. Bibi yule alitembea kwa miguu yake mpaka alipofariki, karibu miaka mitatu baadaye.

Siku hizi hutumia puto dogo kuupanua mshipa. Mzee ninayemtunza alifanyiwa mwezi uliopita: ganzi ya kinenani tu, yu macho, anazungumza na wauguzi. Kesho yake tukarudi nyumbani, hana mshono hata mmoja. Kabla ya hapo alikuwa hafiki pembeni mwa mtaa bila shavu la mguu kumkaza. Husimama, maumivu yakaisha, akaendelea. Mama, ndivyo Baba alivyokuwa akisimama njiani kwenda msikitini, nasi tukisema ni uzee. Hilo linaniuma sana.

Ombeni apimwe presha ya kifundo cha mguu ilinganishwe na ya mkono, na altrasaundi ya mishipa. Hospitali ya Muhimbili, Dar, wapo madaktari waliosomea tiba hizi za katheta, yaani mirija ya kupitishwa ndani ya mshipa; ombeni rufaa wiki hii. Si kila mshipa hufunguka, na nyama iliyokwisha kufa hairudi. Huenda kidole kikaondoka. Lakini damu ikishuka, huenda mguu ukabaki.

Akipata homa, au mguu ukitoa usaha, mpelekeni usiku huohuo. Msimkande kwa maji ya moto: kisukari kimemwondolea hisia, ataungua asijue. Na sigara, mwambie mwanawe anamsihi aache leo.

Nauli ya boti nimemtumia Kaka. Mkifika Dar nipigieni, hata kama huku ni usiku wa manane.

Mwanao