Armadilo mkubwa si kakakuona

Mhariri,

Makala yenu ya wanyamapori imemwita armadilo mkubwa "kakakuona wa Amerika". Jina hilo linapotosha. Kakakuona wetu ana magamba yanayopandana kama vigae, hana jino hata moja, na akitishwa hujiviringa. Armadilo mkubwa, ambaye Wabrazili humwita tatu-canastra, ana gamba la mifupa, meno madogo yanayokaribia 100, na kujiviringa hasa hawezi. Kwa mwenendo anafanana zaidi na muhanga: mchana amelala shimoni, usiku anafukua vichuguu kutafuta mchwa na sisimizi. Hata kwa muhanga, hata hivyo, hana udugu.

Kama hatari kwake mmetaja uwindaji na ukataji wa misitu, mkaacha ugomvi wake na wafugaji nyuki wa Cerrado, nyika ya miti ya Brazili, katika jimbo la Mato Grosso do Sul. Mnyama huyu ana uzito wa kilo 30 na zaidi, na ukucha wa kidole cha tatu cha mguu wa mbele hufika sentimita 20. Mzinga uliowekwa kwenye kichanja kifupi anauangusha na kuupasua. Anachotaka ni majana, yaani watoto wa nyuki ndani ya masega, si asali. Mfugaji akifika asubuhi anakuta fremu zimetapakaa na kundi limeharibika, na wapo wanaolipiza kwa kumuua. Kila armadilo anayeuawa ni hasara kubwa kwa sababu jike huchelewa kuanza kuzaa, miaka saba hivi, kisha hupata mtoto mmoja tu kila baada ya miaka mitatu.

Dawa inajulikana: mzinga ukae mita 1.3 au zaidi kutoka ardhini. Chini ya hapo anasimama kwa miguu ya nyuma, mkia ukimwegemeza, na kuufikia. Miguu ya kichanja izikwe imara, maana asipoufikia atausukuma. Tatizo ni kwamba sanduku lililojaa asali ni zito kulishusha kutoka kimo hicho, ndiyo maana wengine huacha vichanja vifupi na kuvizungushia uzio. Wafugaji wa kwetu, waliozoea kutundika mizinga kwa waya kumkwepa nyegere, watalielewa hili haraka.

Picha nayo mbadilishe. Mliyochapisha ni ya armadilo wa mikanda tisa, mnyama wa kilo chache anayepatikana hadi Marekani. Armadilo mkubwa havuki Amerika Kusini.

Msomaji wenu,
Morogoro