Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Tanzania: mtoto wa mpakani ni wa nani?

Mheshimiwa Waziri,

YAH: UHAMISHO WA WANAFUNZI NA RUZUKU KATI YA HALMASHAURI JIRANI

Rejea kichwa cha barua hapo juu. Naandika nikiwa mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi iliyo jirani kabisa na mpaka wa halmashauri mbili. Halmashauri zenyewe sizitaji, kwa sababu maofisa wa pande zote mbili wanafuata utaratibu waliopewa, na utaratibu huo ndio unaonileta kwako.

Daftari la mahudhurio la shule yetu lina majina ya aina mbili. Ya wino ni ya watoto waliosajiliwa. Fungua kurasa za nyuma utayakuta ya penseli: watoto wa kitongoji kilicho upande wetu wa korongo, ila kwenye ramani ni cha halmashauri nyingine. Shule yao halali iko ng'ambo, na masika korongo likijaa hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayemvusha mtoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo wanakuja kwetu. Wanakaa darasani, wanasahihishiwa madaftari, wanafagia uwanja kwa zamu kama wenzao. Kwenye mfumo wa usajili bado wako kule. Usajili wa mtihani wa darasa la nne au la saba ukifika, jina linatokea kule, na mtoto anarudi kufanya mtihani kwenye shule asiyoijua hata vyoo viko wapi.

Kwa nini hawahamishwi? Wengi watakujibu kwamba ni ruzuku. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, hesabu ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Katika ile 10,000, shilingi 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo za shule. Ni shilingi 500 kwa mwezi. (Kiwango hicho cha 10,000 ni cha enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilipokuwa kinakaribia dola 10. Hilo lingehitaji barua yake.) Siamini kuwa mwalimu mkuu wa kule anakesha akililia shilingi 500.

Anacholinda ni ikama, yaani idadi ya walimu aliopangiwa. Walimu wanapangwa kwa idadi ya wanafunzi waliosajiliwa, na madawati na madarasa yanaombwa kwa idadi hiyohiyo. Akisaini uhamisho wa watoto thelathini leo, kesho ataambiwa ana walimu wa ziada, atanyang'anywa mmoja, na huenda ndiye pekee anayefundisha hisabati. Ningekuwa yeye, ningechelewesha saini vilevile. Wakati huohuo mwalimu mkuu wetu akipeleka maombi ya mwalimu anaulizwa: wanafunzi wako kwenye mfumo ni wangapi? Wa penseli hawahesabiki. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja. Sisi karatasini tunakikaribia, darasani tumekwishakipita zamani.

Madiwani wetu nao wana hoja. Maboma ya shule hii yalisimamishwa kwa nguvu za wananchi, kina mama wakibeba maji ya kumwagilia tofali, kisha halmashauri ikaezeka kwa mapato ya ndani. Ushuru wa kitongoji kile unaingia kwenye halmashauri ya jirani. Diwani akisema "na wao wajenge yao", anasema kile wapiga kura wake wanachokisema kwenye kila mkutano wa kijiji. Lakini ukifuata hoja hiyo hadi mwisho, serikali itajenga shule ya pili upande huuhuu wa korongo, kwa watoto wachache, na kuitafutia walimu ambao hata zilizopo hazinao.

Sekondari hali ni mbaya zaidi. Uchaguzi wa kidato cha kwanza kwa shule za kutwa unafuata halmashauri, hivyo mtoto anaiona shule ya kata ya jirani akiwa nyumbani, naye amepangiwa ya kwao iliyo mbali, na kwa wasichana tunajua safari hizo huishia wapi. Kwa mtaala mpya, ambao elimu ya msingi inaishia darasa la sita, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 mikupuo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza kwa siku moja. Shule zikishafurika, halmashauri gani itapokea mtoto wa jirani kwa hiari?

Najua hatari ya kusema tu "fedha zimfuate mtoto". Katika jimbo la Missouri, Marekani, mahakama ya juu mwaka 2013 ilithibitisha sheria iliyoruhusu wanafunzi wa wilaya za shule zilizopoteza ithibati kuhamia wilaya za jirani, gharama zikilipwa na wilaya wanayoitoka. Wilaya ya Normandy ilipoteza wanafunzi takriban 1,000, bili zikaimaliza, na mwaka 2014 jimbo likaivunja. Waliobaki ndio walioumia. Sitaki shule ya ng'ambo ya korongo ifike huko.

Ninachoomba kiko ndani ya mamlaka yako, Mheshimiwa. Toa waraka unaozitambua shule za mpakani. Maombi ya uhamisho yakikaa siku thelathini bila kujibiwa, yahesabiwe yamekubaliwa. Ikama ya shule inayotoa isiguswe kwa mwaka mmoja, ili mwalimu mkuu asiwe na sababu ya kuficha mhuri. Fedha za madarasa zitoke wizarani kwa kufuata wanaokaa darasani, maana kuzisubiri halmashauri mbili zigawane ni kusubiri mkutano usioitishwa. Na kidato cha kwanza cha 2028 kipangwe kwa umbali kutoka nyumbani, mpaka wa halmashauri uwe kigezo cha mwisho.

Ukipita kanda yetu, omba uoneshwe daftari la mahudhurio. Anza na kurasa za nyuma.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa kamati ya shule, kijiji cha mpakani

Nakala: Wakurugenzi wa halmashauri zote mbili