Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka 2024 na Suala la Wimbo wa Meli

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana wachache mliofika: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ambaye hajaguswa na salamu hizo mbili, habari za mchana.

Katiba ya chama chetu, sisi Waswahili wa Montreal tunaokutana kusikiliza nyimbo za Kifaransa za Céline Dion, inanitaka nisome taarifa hii mbele ya wanachama wote. Nilivyohesabu nilipokuwa natafuta miwani, tuko 13. Daftari lina majina 46. Nitasoma hivyo hivyo, na Bwana Katibu atawapelekea nakala wasiokuwepo, mtu asije akasema hakuambiwa.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Tulikutana mara 10 ukumbini, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Januari hadi Juni na Agosti hadi Novemba. Tulisikiliza Dion chante Plamondon (1991), D'eux (1995), S'il suffisait d'aimer (1998), 1 fille & 4 types (2003), D'elles (2007), ambayo mashairi yake yameandikwa na wanawake watupu, na Sans attendre (2012). D'eux tuliirudia. Wanaonung'unika kwamba tunairudia mno nawakumbusha kuwa ndiyo albamu ya Kifaransa iliyouzwa kuliko zote duniani, na Jean-Jacques Goldman aliyemwandikia Céline nyimbo zile hakuandika za kusikilizwa mara moja huku mtu akitafuna sambusa.

Juni tulikwenda Charlemagne, mji mdogo ng'ambo ya mto alikozaliwa Céline mwaka 1968, kitinda mimba wa watoto 14. Tulikwenda watu 21, tukapiga picha kwenye barabara yenye jina lake, tukarudi. Gari la kukodi lilitafutwa na mimi, na dereva alikuwa mimi.

Tarehe 26 Julai ukumbi ulikuwa umefungwa, kwa hiyo mlikuja kwangu kutazama ufunguzi wa Olimpiki ya Paris. Hapa Montreal ilikuwa bado alasiri, kule usiku na mvua. Sote tulijua kwamba tangu Desemba 2022, Céline alipotangaza ule ugonjwa adimu wa neva unaokaza misuli, wengi walishasema ndiyo basi. Akatokea kwenye mnara wa Eiffel kwa gauni jeupe, piano chini ina matone ya mvua juu yake, akaimba Hymne à l'amour ya Édith Piaf. Sebuleni kwangu kulikuwa na watu 39, na kwa mara ya kwanza tangu chama kianze hakuna aliyepiga soga wimbo ukiendelea. Mzee wetu wa Uvira alivua kofia. Mke wangu alikuwa amepika kilo sita za mchele, na gharama hiyo haimo kwenye hesabu mtakazosomewa. Siisemi ili nishukuriwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta hata hao 12 wengine.

Katika mkutano wa Machi iliamuliwa kwamba kwenye vikao vyetu hazitapigwa tena nyimbo za Kiingereza. Tangu siku hiyo nimeitwa majina. Nimeitwa dikteta wa spika. Nimeambiwa ninawapendelea Wakongomani na Warundi kwa sababu wao Kifaransa wamekisoma shuleni, na kwamba nimewafukuza kijanja Watanzania na Wakenya. Barua moja, isiyo na sahihi lakini mwandiko naujua, inasema wimbo wa meli, yaani ule wa Kiingereza wa filamu ya Titanic, si mali ya mwenyekiti.

Nianze na akidi. Katiba inataka theluthi moja ya wanachama. Machi tulikuwa 11, ni kweli, na theluthi ya 46 ni zaidi ya hapo. Lakini wawili walipiga simu kuunga mkono, mmoja alikuwa njiani akakwama kwenye metro, na kifungu cha 9 kinampa mwenyekiti madaraka ya kuamua jambo la dharura. Mama mmoja aliuliza kama wimbo ni dharura. Mama yangu, kama ungekuwepo kikao cha Novemba mwaka uliotangulia usingeuliza. Tulianza na D'eux saa nane kamili. Wimbo wa tatu haujaisha, mtu akaomba ile ya Titanic, "moja tu". Ikapigwa. Ukumbi mzima ukaimba, hata mimi. Kisha ikaombwa nyingine ya Kiingereza ya harusini, kisha mtu akatoa simu yake akaunganisha taarabu. D'eux haikurudi. Watu walikwenda nyumbani wamefurahi sana, wala sikatai, lakini kwa hiyo furaha hakuhitajiki chama.

Tukumbuke tulikotoka. Tarehe 22 Januari 2016, siku ya mazishi ya René Angélil, mumewe Céline, pale Basilika ya Notre-Dame hapa Montreal, sisi saba tulisimama nje kwenye baridi, hatujuani, tukasikizana Kiswahili. Mmoja alikuwa na termosi ya chai. Tulichozungumza siku ile ni nyimbo za Kifaransa tulizokua nazo Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi, na katiba tuliyoandika baadaye inasema hivyo kwenye mstari wa pili. Mimi sikuongeza neno.

Na wanaosema nina upendeleo wamesahau mimi ni mtu wa Kigoma. Sikusoma Kifaransa darasani hata siku moja. Nilikiokota Bujumbura nikiuza migebuka, nusu sokoni na nusu kwenye kaseti ya D'eux niliyoibadilisha kwa samaki, ikachezwa hadi utepe ukaanza kutetemeka. Kama muuza samaki aliweza, mhasibu wa Nairobi anaweza.

Mwenyewe Céline alituonyesha njia. Mwaka 1990 alitoa Unison, albamu yake ya kwanza ya Kiingereza, na hapa hapa Quebec akapewa tuzo ya Félix ya msanii wa Kiingereza wa mwaka. Aliikataa, kwa hoja kwamba yeye si msanii wa Kiingereza. Wala hakuwa amekosea kuimba Kiingereza, aliendelea nacho na mnajua kilimfikisha wapi. Alikataa kuhesabiwa huko tu. Nami sijakataza mtu kusikiliza meli nyumbani kwake.

Hoja niliyoiona ya maana ni moja, ya dada wa Mombasa. Alisema kwenye Falling into You ya mwaka 1996 nyimbo tatu za D'eux zimo kwa Kiingereza, basi tusikilize hizo, kila mtu aelewe. Sikumjibu kwa maneno. Mei nilipiga Pour que tu m'aimes encore, halafu nikapiga ndugu yake wa Kiingereza, If That's What It Takes, na nikagawa karatasi ya tafsiri ya Kiswahili niliyokesha nayo siku tatu.

Wale mliokuwepo mnakumbuka kilichotokea. Hatukuvuka hata jina la wimbo. Mimi nilikuwa nimeandika "Ili unipende tena". Mama wa Bukavu akasema hapana, tena maana yake penzi lilikwisha likakatika, na huyu mwanamke bado ameshikilia kanzu ya mtu anayeondoka. Andika "ili uendelee kunipenda". Kijana wa Gitega akasema encore ni vyote viwili, tena na bado, na ndiyo sababu wimbo unauma: mwimbaji mwenyewe hataki kukiri kama ameshaachwa. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Tulikaa dakika 20 hapo. Mwishoni tukaandika "usiache kunipenda", ambayo haimo kabisa kwenye Kifaransa, ila wote tuliiona imekaa.

Halafu tukafika mahali anaposema yuko tayari kutamka hata maneno ya uchawi ya marabout wa Afrika, bila kujuta, mradi apendwe. Ukumbi ulilipuka. Nusu yenu mlikuwa mmeisikia miaka 29 bila kujua kwamba tumetajwa! Mimi niliandika "waganga". Mtu wa Dar akasema hilo ni limbwata, tusizungushe maneno. Dada wa Mombasa, yule yule aliyetaka Kiingereza, akasimama akasema limbwata linawekwa kwenye chakula, na huyu hapiki, anasoma maneno. Tena marabout wa Senegal ni mtu wa kitabu, basi kwetu hilo liko karibu na kombe na hirizi. Alikuwa na haki. Tukaandika "azima za walimu". Kisha tukasikiliza toleo la Kiingereza. Waganga hawamo, kombe halimo. Sauti ni ile ile, na wala si mbaya, lakini yule mwanamke aliye tayari kufanya jambo la aibu ametolewa, amebaki mtu mwenye shukrani. Dada akasema, "Haya, tumeelewa, weka ya kwanza." Iliandikwa kwenye muhtasari, na Katibu anao.

Sijasikia tena hoja kutoka kwake. Wanaoendelea kulalamika ni wale ambao Mei hawakuja.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Januari tulikuwa 14, Februari 9, Machi 11 kama nilivyosema, Mei 16, Julai kwenye pilau 39, Agosti 8. Sielewi hesabu hii. Baridi nimeikubali, dhoruba ya theluji nimeikubali, lakini Agosti hakuna theluji. Mzee wetu wa Uvira ana miaka 74, anabadilisha basi mara mbili kutoka Laval, na hajakosa kikao. Wengine mnakaa hapa Côte-des-Neiges, ukumbi mnauona dirishani.

Ada ni dola 60 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 17, waliolipa nusu ni 11, na 18 hawajatoa hata senti, wakiwemo wanne niliowapakulia pilau kwa mkono wangu. Zimeingia dola 1,350 na tunadai 1,410, yaani tunadai kuliko tulichonacho. Ukumbi 750, chai na sambusa 212, kutengeneza spika 90, kuchapa tafsiri 64, na safari ya Charlemagne ilipungukiwa 45 kwa sababu makadirio ya petroli hayakuwa yangu. Tumebakiwa na 189, ukiongeza 38 za mwaka juzi ni 227. Mama Mweka Hazina anazo risiti zote isipokuwa moja ya sambusa, ambayo ilinyeshewa.

Kwa mwaka ujao, tunatarajia kukusanya tafsiri zetu ziwe kijitabu, hali ikiruhusu. Tunatarajia pia kupata mashine ya santuri, maana kuna mwanachama anasema anamfahamu mtu. Je sais pas na Vole, nyimbo nyingine za D'eux, zinasubiri tafsiri. Vole inahusu mpwa wa Céline, Karine, aliyefariki mwaka 1993, kwa hiyo naomba siku hiyo watu wasije na watoto wakaachia wacheze katikati ya ukumbi. Uchaguzi utakuwapo akidi ikitimia. Sijasema kama nitagombea.

La mwisho. Nakala ya chama ya D'eux iliazimwa Agosti, jina halikuandikwa. Wiki iliyopita nimelikuta kasha mlangoni kwangu, limefutwa vumbi vizuri, nikashukuru. Nimelifungua leo asubuhi nijiandae na kikao, ndani mna muziki wa filamu ya meli. Aliyefanya hivyo anajijua, na ada yake pia hajalipa. Airudishe kabla ya Jumamosi ya kwanza.