Namba tasa hazina mwisho

Ndugu Mhariri,

Makala ya sayansi katika gazeti lako iliandika kwamba Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant aligundua namba tasa kubwa kuliko zote. Ugunduzi huo ni wa kweli, na nimefurahi kuuona gazetini. Lakini limesahaulika neno moja, "inayojulikana", na bila neno hilo habari yenyewe si sahihi. Wanafunzi wangu wa darasa la saba walikuja nayo shuleni, ikatuchukua kipindi kizima.

Namba tasa haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwamba hazina mwisho, Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, tena kwa hoja isiyohitaji hata kikokotoo. Tuseme mtu anadai tasa ni sita tu duniani: 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Zizidishe zote, kisha jumlisha 1. Nikaandika ubaoni: 30,031. Igawe kwa yoyote kati ya zile sita, inabaki 1. Darasa likapiga kelele kwamba basi hiyo nayo ni tasa! Nikawaacha wagawe. 17 ikakataa, 19 ikakataa, 23 ikakataa, kurasa zikajaa, mpaka binti mmoja wa dawati la nyuma akasimama: ni 59 mara 509. Zote mbili ni tasa, na hakuna hata moja iliyokuwamo katika orodha yetu. Ndivyo ilivyo kwa orodha yoyote, hata ingekuwa ndefu namna gani: lazima kuna tasa iliyobaki nje. Kwa hiyo juu ya namba ya Durant ziko nyingine zisizohesabika, ila hakuna aliyezifikia.

Makala ilimaliza kwa kusema kwamba namba hiyo ni ya wataalamu na kompyuta zao tu. Hilo liliniuma zaidi. Ni kweli ina tarakimu 41,024,320. Ukichapa tarakimu 3,000 kila ukurasa, utahitaji kurasa zaidi ya 13,600. Lakini wanafunzi wangu waliipata tarakimu yake ya mwisho kabla kengele haijalia. Namba yenyewe hupatikana kwa kuchukua mbili 136,279,841 na kuzizidisha zote pamoja, kisha kutoa 1. Anza kuzidisha: 2, 4, 8, 16, 32, 64. Tarakimu za mwisho ni 2, 4, 8, 6, halafu inarudi 2, na mzunguko unaendelea hivyo hivyo nne nne. Gawa 136,279,841 kwa 4, inabaki 1. Basi jibu la kuzidisha linaishia na 2. Toa 1. Namba ya Durant inaishia na 1.

Ukurasa wa makala ile tumeubandika ukutani, na wanafunzi wameongeza "inayojulikana" kwa kalamu nyekundu. Naomba nawe uliongeze, katika toleo lijalo.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro